Mkia wa Hai

Skrini ikaandika yale yale: *Zoezi la saba halijakamilika. Jaribu tena.*

"Jaribu tena, jaribu tena! Nijaribu mpaka lini?" Namkunda alifoka, na darasa zima likageuka kumtazama.

Kwa kawaida hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji wa sare za shule tangu usichana wake, mpaka mashine zilipoanza kujishonea zenyewe na washonaji wa Mwanga wakaambiwa wachague: wajifunze kuandika programu au wakae nyumbani wafukuze nzi. Akachagua programu. Sasa alikuwa ameketi ndani ya ukumbi wa mabati, joto linamchemsha kama yai, akipigana na zoezi ambalo Mwalimu Shemdoe alisema mtoto wa chekechea angelimaliza huku anakula andazi. Na huyo Shemdoe mwenyewe, ukimwangalia, si ajabu chekechea aliitoka juzi.

Zoezi lenyewe ukilisikia ni jepesi. Unapewa folda imejaa mafaili. Kila faili lina jina, halafu nukta, halafu neno la mwisho linalosema hilo ni faili la aina gani. Mwalimu aliliita neno hilo kiendelezi. Darasa, watu wazima wenye akili zao, wakaliita mkia, na mkia likabaki. Kazi yako ni kuandika programu ipite ndani ya folda, itazame mikia, ikuletee majina yenye mkia mmoja tu, nao ni *marehemu*. Mengine iyaache.

Namkunda alikuwa ameandika hivi:

kwa kila faili katika folda:
    kama jina linaishia na "marehemu":
        onyesha jina

Sasa hapo kosa liko wapi? Alilisoma kutoka juu kwenda chini, akalisoma kutoka chini kwenda juu. Akatamani kuichukua ile kompyuta aipige chini, basi tu hakuwa na ya kuilipia.

Mwalimu Shemdoe akaja, akainama begani kwake. Alikuwa na adabu, hilo mtu asimnyime; lakini alikuwa na ile haraka ya vijana waliozaliwa na mashine mkononi.

"Mama Tumsifu, hebu tazama hili hapa. Linaitwa *nyimbo_za_marehemu*. Lina mkia?"

"Si hilo hapo, marehemu?"

"Hilo ni jina lake, mama. Halina mkia kabisa. Limeishia hivyo kwa bahati tu, na programu yako imelizoa pamoja na yanayotakiwa. Nukta, mama! Tia nukta kabla ya neno."

"Nukta?"

"Nukta."

Akatia nukta. Skrini ikageuka kijani. Nyuma yake Kiondo, dereva wa zamani wa malori ambaye hajawahi kunyamaza tangu kozi ianze, akapiga makofi. "Asubuhi nzima umetukosesha amani, kumbe ni kitone!"

"Kiondo, niondolee balaa," Namkunda akasema. Wenzake wakacheka, naye akacheka kidogo, lakini moyo bado ulikuwa unamfukuta.

Sasa, mshonaji akimaliza kukata kitambaa haendi zake. Anatazama vipande vilivyobaki chini, maana huko ndiko hugundua kama kakata mkono mahali pa kola. Namkunda alikuwa na tabia hiyo na hakuiacha mlangoni alipoingia kozi. Akaigeuza programu yake kichwa chini, akaiamuru: nionyeshe yale uliyoyaacha.

Yakamiminika. Karibu yote yalikuwa na mkia wa *hai*. Na la kwanza kabisa aliloliona lilikuwa *kanangira_mchome.hai*.

Akalitazama. Mzee Kanangira Mchome wa Usangi? Yule ambaye Namkunda alimtupia udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe, mvua inanyesha, viatu vimezama kwenye tope? Huyo ndiye hai?

Akaendelea kushuka. Mama Mbonea, hai. Yule fundi wa paa aliyeanguka, hai. Halafu mstari uliofuata ulikuwa *eliamani_mrutu.hai*, na huyo alikuwa mume wake.

"Mwalimu," akaita. "Hii folda si ya mfano?"

Shemdoe akajikuna shingo. "Ni folda ya kweli, mama. Miangwi ya Usangi yote. Nilitaka mfanye kazi yenye maana."

* * *

Hakukuwa na nyumba milimani isiyokuwa na mwangwi. Unakaa mbele ya kile kisanduku, leo na kesho, unaongea nacho mambo yako, mpaka kinajua unavyocheka, unavyokasirika, unavyomdanganya mkeo. Ukisafiri, wa nyumbani wanabaki na mwangwi wako dirishani. Wanauamkia, nao unawaitikia kwa sauti yako. Wakiupa habari, unazishika, na kesho unauliza ng'ombe kazaa au bado. Huo ni mwangwi wenye mkia wa hai.

Ukifa, jamaa yako anatakiwa aweke kidole kwenye kisanduku aseme neno moja: *marehemu*. Hapo Ghala la Miangwi linaufunga. Utarudia uliyowahi kuyasema, basi. Hautauliza tena kitu.

Na hapo ndipo watu wa milimani walipowashinda wataalamu wote waliotengeneza chombo kile. Nani atatamka neno hilo? Baba yako yuko dirishani anakwambia funga mlango baridi inaingia, halafu wewe umtazame usoni umwite marehemu? Uchuro gani huo! Hata kwa mtu uliyemzika watu walisema amelala, ametutoka, mzee hayupo. Walikuwa wanaambiana watabadilisha matanga yakiisha. Matanga yakaisha, wakasema mwaka ukiisha. Mwaka ukaisha, na mzee bado anauliza habari za shamba, na nani ana roho ya kumnyamazisha? Wakawaacha. Usangi nzima ilikuwa imejaa wafu wenye mkia wa hai, na hakuna aliyeona kuwa ni kosa.

"Mashine za zamani za Ghala zinakufa," Shemdoe alieleza, amemvuta Namkunda pembeni ya ukumbi. "Mpya ni ndogo. Imeamuliwa wahamishwe marehemu tu, maana hao hawawezi kurekodiwa tena. Walio hai wakae upya mbele ya kisanduku, waanze moja. Wakishahamishwa marehemu, folda ya zamani inafutwa. Ijumaa mchana."

"Na programu itakayowahamisha ni hii yetu?"

"Ni ya kwako." Akatabasamu, maskini, akidhani anampa zawadi. "Ghala walitaka abonyeze mtu wa huko. Nikakupendekeza wewe kwa heshima, kwa kuwa umeolewa Usangi."

Namkunda akamtazama mpaka lile tabasamu likamtoka.

"Mwalimu, humo ndani nusu ya hao hai nimewazika mimi."

"Tangazo lilitolewa, mama. Tangu masika. Kila redio imesema: mwenye mfu wake abadilishe mkia."

"Umewahi kumwambia mtu wa Usangi abadilishe mkia wa mama yake?"

"Mimi ni mwalimu wa programu."

"Basi niruhusu niwachukue kwenye kitu kingine. Niwanakili."

"Mwangwi haunakiliki, unajua hilo. Haukai nje ya mashine za Ghala." Akashusha sauti. "Mama Tumsifu, mimi sikutunga hii amri. Na wewe usipobonyeza, nitabonyeza mimi, maana nimetumwa. Kama una mtu wako humo, nenda kambadilishe. Ni kidole tu."

Kidole tu! Namkunda alitoka pale bila kuaga.

* * *

Bi Navoneiwa alikuwa kibarazani anapepeta maharage ya makande. Alipomwona mkwewe anapanda njia anahema, akaweka ungo chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona siku ya kazi?"

Kabla hajajibu, dirishani sauti ikadakia. "Huyo si Namkunda? Umepanda kwa miguu tena! Mtu akikwambia panda gari, panda gari."

Ilikuwa sauti ya Eliamani yenyewe, na ile nusu ya kicheko mwishoni. Alikuwa amekwenda Mwezini kuchimba barafu, na kambi yao ikanyamaza. Waliomwajiri walisema mawasiliano yamekatika. Mpaka leo walikuwa wanasema mawasiliano yamekatika, kila ukipiga simu, kwa sauti ile ile tamu ya kukuudhi. Hapakuja mwili wala nguo. Hawakukaa matanga, maana mtu anakaaje matanga ya mtu ambaye mawasiliano yake yamekatika?

"Ni mimi, Eliamani," Namkunda akasema. "Mama, naomba tuongee huku nyuma."

Wakaenda nyuma ya zizi, maana hayo mambo huwezi kuyasema mbele yake. Namkunda akaeleza yote, Ghala na Ijumaa na mikia. Mama mkwe alisikiliza akimkuna ng'ombe paji la uso.

"Kwa hiyo unataka nimzike mwanangu kwa kidole," akasema mkwewe alipomaliza.

"Nataka tusimpoteze, mama. Ukisema hilo neno atabaki. Hatauliza kitu, lakini sauti utakuwa nayo."

"Wewe umeliona kaburi?"

"Sijaliona."

"Kuna mtu amekwambia ameiona maiti ya Eliamani?"

"Hakuna."

"Basi. Sisemi uongo juu ya mtoto wangu ili nibaki na sauti yake. Na wewe usiseme. Ukimwita hivyo, Namkunda, njia ya hapa uisahau."

"Mama, usipokubali watamfuta!"

"Wamfute. Mkono uwe wao."

"Mkono ni wangu!" Namkunda alipiga ukelele, hata ng'ombe akarudi nyuma. "Mimi ndiye wanayetaka nibonyeze, mama! Nimekaa kwenye lile joto nikajifunza nukta, nikafurahi na kijani changu, kumbe nilikuwa nanoa kisu cha kumchinjia mume wangu! Kila mtu anasema si yeye. Mwalimu si yeye, Ghala si wao, na wewe unasema mkono uwe wao. Mkono ni huu hapa!"

Bi Navoneiwa akautazama ule mkono. Alikuwa mwanamke mgumu, si wa kulia mbele ya mkwe. Akaushika kwa vidole vyake vyenye vumbi la maharage, akaushikilia muda, halafu akauachia.

"Nimekwisha sema," akasema taratibu, akarudi kwenye ungo wake.

Namkunda akaingia ndani peke yake. Kile kisanduku kilikuwa pale dirishani, juu ya kitambaa alichokitarizi yeye mwenyewe.

"Mnagombana nini na mama?" Eliamani akauliza. "Nimesikia sauti."

"Kwa nini hukurudi?" Lilimtoka tu. Alikuwa amechoka, na hasira haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"We mwanamke, mkataba haujaisha. Nirudi nikale wapi? Hebu niambie, cherehani imetengenezwa?"

Cherehani aliiuza zamani. Alikuwa hajamwambia, maana Eliamani ndiye aliyemnunulia walipooana. Akafungua kinywa amwambie kila kitu, cherehani na Mwezi na Ijumaa. Anastahili kuulizwa, aliwaza. Ni yeye anayefutwa. Lakini utamuulizaje mtu kama amekufa bila kumwambia? Akasimama pale kinywa wazi kama samaki, mpaka Eliamani akasema, "Haya, ukipata nafasi utaniambia," na yeye akatoka akashuka mlima kwa hasira, kwa miguu.

* * *

Ijumaa asubuhi alifika darasani akasimama mbele, mahali pa mwalimu, akawaambia wenzake wote folda ile ni ya nini.

Lo, kelele zilizozuka! Kila mtu alikuwa na mtu wake mle. Mwanamke mmoja akaondoka mbio kwenda kupiga simu nyumbani. Mwingine akamgeukia Shemdoe na kumwambia maneno ambayo hayafai kurudiwa mbele ya watoto. Shemdoe alisimama ukutani, mikono nyuma, akiyapokea.

"Baba yangu yumo," Kiondo akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. "Nilimchimbia kaburi mimi na kaka yangu. Na jana jioni kanigombeza kwa sababu ya matairi."

"Umbadilishe leo, Kiondo."

"Mama atanichinja. Anampikia chai mpaka leo!"

"Ndiyo maana nimewaita," Namkunda akasema. "Programu ikishaishika folda haiulizi jamaa wala ndugu. Nikiiambia ibadilishe mkia, inabadilisha. Mlango wa mashine mpya unatazama mkia tu. Naweza kuwapitisha wote."

"Wote!" mtu akapaza sauti. "Tia wote!"

"Hawaenei wote," Shemdoe akasema kutoka ukutani. "Mashine ikijaa, inakwama, mnapoteza na waliokuwa marehemu tangu mwanzo. Na kuna watu humo wako hai kweli. Mtu yuko Tanga anafanya kazi yake, asubuhi anaamka Ghala linamwita marehemu. Hilo mtalibeba nyinyi?"

Alikuwa amesema kweli, na kweli ikitoka kwa mtu uliyemkasirikia inauma mara mbili.

Namkunda ndiye aliyepata njia. "Hatutamtaja mtu kwa kusikia," akasema. "Nasoma jina. Aliyesimama kwenye kaburi la mtu huyo aseme, na aseme kaburi liko wapi. Akikosekana wa kusema, mtu huyo simgusi."

Wakaanza. Alisoma mafaili yenye mkia wa hai moja baada ya jingine, na watu wazima wale, waliozoea kusinzia baada ya chai, wakaitikia kama wako kanisani.

"Kanangira Mchome."

"Nilikuwepo. Chini ya migomba, karibu na mfereji."

"Mimi pia nilikuwepo," Namkunda akasema, akaandika jina ndani ya programu.

"Mama Mbonea."

"Nilibeba jeneza. Liliteleza, mnakumbuka? Nusura tumwangushe." Wakacheka, halafu mmoja akaanza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Lilipofika jina la baba yake, Kiondo alisimama. Akataja kaburi, akataja jembe walilolitumia, akakaa. "Baba, unisamehe," akasema kwa sauti ya chini. "Na mama naye anisamehe, ila huyo simtegemei."

Namkunda hakujidanganya. Alijua jioni ile nyumba kwa nyumba mtu angeukaribia mwangwi wake, akausalimu, akakuta umefungwa, haumuulizi chochote. Wangekuja kumlaani na wangekuwa na haki, maana hawakuulizwa. Lakini yeye alikuwa na asubuhi moja tu, na kati ya mtu kulaaniwa na baba wa watu kufutwa, aliona bora alaaniwe.

Akafika kwenye mstari ule.

"Eliamani Mrutu," akasoma.

Watu wakatazama mikono yao, wakatazama dari. Akalisoma tena, kana kwamba safari hii angetokea mtu aseme nilikuwepo, nilimwona, yuko mahali fulani amelala vizuri.

Kiondo akaja akachutama kando ya kiti chake. "Mtie," akanong'ona. "Mama Tumsifu, mtie tu. Sisi sote tunajua. Kambi nzima ilikwenda, hakuna atakayeuliza."

"Mama yake alikataa."

"Na mama yangu je? Hukumuuliza."

"Ndiyo, Kiondo, sikumuuliza! Wengine wote sikuwauliza. Huyu nilipanda mlima nikauliza nikajibiwa. Sasa nifanyeje, nijifanye sikusikia? Basi nilimuuliza ya nini?"

Namkunda aliandika *eliamani* kwenye mstari wa programu, akaufuta. Akauandika tena. Ilikuwa rahisi mno, jamani, hilo ndilo lililomtia wazimu. Herufi chache, na sauti yake ingebaki milele, na ule mzaha, na ile nusu ya kicheko. Akaufuta, akachukua simu, akampigia mama mkwe. Alitaka agombane naye mara ya mwisho. Pengine alitaka ashindwe kugombana.

"Mama, ni mchana huu. Bado hujabadili mawazo?"

"Sijabadili." Kulikuwa na upepo upande wa pili, na kuku. "Nimemuaga."

"Umemuaga vipi?"

"Namna mtu anavyoagwa. Nilipika, nikakaa naye tangu kulipopambazuka. Nikamwambia mwanangu, safari hii ni ndefu. Akasema, mama, mbona unalia, si tutaonana. Nikamwambia ndiyo." Sauti ya mwanamke yule mgumu ikakatika, ikarudi. "Alivyoondoka ile mara ya kwanza sikumuaga vizuri, Namkunda. Nilikuwa nimenuna. Leo nimemuaga. Wewe fanya kazi yako, sina kinyongo na mkono wako."

Namkunda akaweka simu mezani. Kwa hiyo alijua. Siku zote hizo, hata pale nyuma ya zizi, mama yule alijua mwanawe hayupo, na hakutaka tu kuambiwa alitaje jambo hilo kwa kidole mbele ya kisanduku.

Shemdoe alikuwa amesogea. Aliisoma programu kwenye skrini, mstari kwa mstari, akaona majina yote yale yanavyobadilishwa mikia kabla ya kupita mlangoni. Ghala wangemuuliza. Alijua wangemuuliza.

"Inafanya kazi," akasema mwishoni. "Kila kitakachopita kina mkia unaotakiwa. Mimi nimehakiki hilo tu." Halafu, kwa upole aliokuwa hajauonyesha bado, "Mama Tumsifu, muda umefika. Wanasubiri."

Kidole cha Namkunda kilikuwa juu ya kitufe. Akakiondoa.

"Nipe dakika," akasema, akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa mabati. Akaiunganisha simu yake na kile kisanduku cha dirishani.

"Namkunda!" Alikuwa mchangamfu. "Leo ni siku ya wageni tu. Mama alikuwa hapa tangu asubuhi, ananililia kama nakwenda vitani. Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Eliamani, cherehani niliiuza."

"Uliiuza?"

"Ndiyo. Nilikuficha. Hali ilinibana kweli."

"Sasa ndiyo unalia? Kwa cherehani? Hali ilipokubana, ungekula cherehani? Umefanya vizuri. Nyamaza bwana."

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Ndani ya ukumbi mtu alikohoa. Walikuwa wote wanamngoja.

"Nimepiga kukuaga," akasema.

"Kuniaga? Unakwenda wapi?"

Namkunda akautazama mlima. Angeweza kumwambia. Neno lilikuwa pale pale, na lilikuwa la kweli, na mama yake alikuwa mbali asingesikia.

"Nina safari kidogo," akasema.

"Wewe nawe! Juzi umepanda mlima kwa miguu, leo safari. Haya, nenda salama mke wangu. Usipande gari bovu. Ukifika, unijulishe."

"Nitakujulisha," akasema.

Akarudi ndani, akaketi, akabonyeza.